Rubani wa Gia ya Pili

Jumamosi, 2 Agosti

Nianze na ukweli, maana Mwalimu wa lugha anasema shajara ya uongo ni kupoteza wino. Mimi ndiye ninayewasha gari la Mama. Si ufunguo. Si betri. Mimi!

Gari lenyewe tunaliita Kobe. Ni la kijani, limenyooka kwenda juu kama kabati, limetengenezwa kabla Mama hajazaliwa, na linapanda mlima wowote ukilipa muda. Tatizo lake ni stata. Ukigeuza ufunguo, stata inatoa sauti ya mtu aliyeamshwa bila sababu, halafu inarudi kulala. Kwa hiyo kila asubuhi tunasukuma. Baba nyuma kushoto, tai yake ya ualimu ameitupia begani. Kaka nyuma kulia. Fundi viatu wa getini katikati, kwa hisani yake. Mama kwenye mlango wa mbele, bega kwenye nguzo, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Mama ni daktari wa mifugo. Amezoea kuvuta ndama.

Na kwenye usukani? Mimi, kwa sababu ndiye mwepesi. Gia ya pili, klachi chini, ufunguo wazi. Kobe anateremka uani kuelekea getini. Mama anapiga ukelele, "Sasa!" Naachia klachi. Kobe anaruka, anakohoa, ananguruma. Naikanyaga klachi tena, navuta breki ya mkono, nashuka taratibu bila kumwangalia mtu. Miaka miwili sasa. Mama ananiita Rubani. Sina sifa nyingine yoyote ya maana, ila mwandiko mzuri.

Basi jana kaja binti wa Mama Mkubwa kutumia likizo kwetu. Ana miaka ishirini, anasomea ufundi wa magari, na ana tabia ya kufurahia kila kitu. Analala chumbani kwangu. Baba amempa jina la Injinia kabla hata begi lake halijafunguliwa. Mimi ilinichukua miezi mitatu kuitwa Rubani.

Leo mezani Injinia kasema, huku anapaka mkate siagi, kwamba kusukuma si lazima. Eti stata ya Kobe ni ya kizamani, nzito, inafyonza betri yote halafu haina nguvu. Siku hizi kuna ndogo zenye gia ndani yake; zinazunguka kwa kasi, zinakula umeme kidogo, na zinaingia palepale pa zamani.

Mama akaweka kisu chini. Akatusimulia jambo ambalo hakuwa amelisema. Alhamisi iliyopita Kobe alimzimikia shambani kwa mzee mmoja mwenye mgongo mbovu. Wakawa wawili tu, na njia haina mteremko. Shamba la pili ng'ombe anazaa, ndama amekaa vibaya. Mama alifika akiwa amechelewa saa tatu. Ndama alitoka hapumui. Mama alimpulizia puani mpaka akashtuka. Angechelewa robo saa nyingine, asingekuwa na wa kumpulizia.

Mama akasema stata inunuliwe.

Nikasema, kwa sauti ya utulivu, kwamba kusukuma ni mazoezi mazuri kwa familia. Kaka aliomba apitishiwe sukari.


Jumapili, 3 Agosti

Sijalala vizuri. Injinia anakoroma kidogo, kwa furaha.

Nimeamua kupigania haki yangu kwa njia za kistaarabu. Barua rasmi! Anwani kulia, tarehe, salamu. YAH: OMBI LA KUENDELEA KUSUKUMA GARI. Hoja tatu: afya ya viungo, umoja wa familia, ujirani mwema. Nimeandika rasimu kwanza, nikaikunja na kuitia mfukoni, kisha nakala safi. Chini nimeacha mistari mitano ya sahihi.

Nilianza na fundi viatu. Aliisoma yote, sindano mdomoni. Akaniuliza kama najua mgongo wa mtu una pingili ngapi. Nikamwambia thelathini na tatu, tumesoma. Akasema zake zote thelathini na tatu zinaomba hiyo stata usiku na mchana, na siku nitakayoleta barua ya kuiunga mkono atasaini kwa mikono yote miwili.

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Kaniita mjane wa klachi.

Baba aliipokea kwa heshima. Nikapata matumaini. Akatoa kalamu nyekundu. Kumi na nane juu ya ishirini! Kakata alama mbili kwa sababu hoja ya tatu inakaribia kurudia ya pili. Kisha, badala ya kusaini, kampelekea Injinia aone mwandiko unavyotakiwa kuwa. Injinia kasema hajawahi kuona herufi zilizonyooka hivyo. Alimaanisha. Hilo ndilo linaloudhi.

Mama kasoma mwisho. Kasema barua nzuri sana, Rubani wangu. Halafu kamgeukia Injinia kumuuliza duka la spea linafunguliwa saa ngapi kesho.


Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya aibu. Ya muuzaji wa spea pia kidogo, ila zaidi yangu.

Asubuhi Injinia alijilaza chini ya Kobe na tochi. Baba alimshikia tochi ya pili. Baba! Mwaka jana nilipokuwa natafuta kalamu yangu chini ya kitanda nilimwomba anishikie tochi, akasema nitafute mchana.

Kuna kibao kidogo kwenye stata ya zamani, kina namba. Injinia akaomba mimi niinakili, kwa kuwa mwandiko wake mwenyewe, kasema, ni kama kuku kapita kwenye matope. Nikapewa karatasi. Hapo ndipo wazo likanijia. Namba ilikuwa na tatu katikati. Tatu ukiifunga midomo yake miwili inakuwa nane. Mistari midogo miwili tu! Duka lingetupa stata ya gari lingine kabisa, isingeingia, na ulimwengu ungerudi ulivyokuwa.

Nikaweka kalamu juu ya ile tatu. Mkono ukagoma. Miaka minane ya kufundishwa kuandika tarakimu kwa usahihi si mchezo. Nimeandika tatu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Dukani tulikwenda mimi, Baba na Injinia. Muuzaji alianza kuongea na Baba. Baba hajui hata mafuta yanamiminwa wapi. Akamwonyesha Injinia kwa kidole. Muuzaji akatabasamu upande mmoja, akauliza kama binti anajua anachotaka au ametumwa tu. Injinia hakukasirika. Akamuuliza meno ya mbele ni mangapi, kichwa kinakaa kushoto au kulia, na kama ina gia ndani kweli au wamebadilisha boksi tu. Muuzaji akafuta kaunta kwa kitambaa. Akaanza kumwita bosi. Akamletea kiti! Mimi na Baba tulisimama.

Nami nikauliza swali, nisionekane mzigo. Nikauliza kama wana stata zisizo na nguvu sana. Muuzaji akauliza nani anaitaka hiyo. Nikasema nauliza kwa ajili ya elimu.

Stata mpya ni ndogo kama mkate. Inang'aa. Nimeibeba mapajani njia nzima, kwa sababu Injinia kasema mimi ndiye mwangalifu. Nimeichukia kuanzia mzunguko wa kwanza wa barabara.


Jumanne, 5 Agosti

Nimeshiriki kujimaliza mwenyewe. Niandike ilivyokuwa.

Stata ya zamani imefungwa kwa bolti mbili. Ya chini ilitoka. Ya juu iko nyuma ya bomba, mahali ambapo aliyetengeneza gari hakutaka mtu afike. Injinia alijaribu mpaka kiwiko kikachubuka. Kaka alijaribu, mkono wake uliingia nusu ukagoma kutoka, tukampaka sabuni. Fundi viatu alikuja kutoa ushauri. Baba alishika tochi. (Amekuwa stadi wa tochi.) Nami nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, moyo wangu mweupe kabisa. Bolti imekataa! Nilikuwa naishangilia kimyakimya ile bolti.

Kisha Injinia akanitazama mkono. Si mimi, mkono tu. Akasema, mdogo wangu, hebu njoo.

Ningekataa. Nilikuwa nimeshaandaa sababu: mafua. Lakini wote walikuwa wananiangalia, na Mama alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama mlangoni na viatu vyake vya mpira, na uso wake ulikuwa na matumaini. Nikaingiza mkono. Ukapita kama barua kwenye sanduku. Injinia akanipa spana, akanielekeza bila kuona: kushoto kidogo, juu, hapo, vuta kwako, usiipige, iombe. Nikaiomba. Ikalia "kwii!" Ikalegea!

Makofi! Fundi viatu akapiga mluzi. Mama akasema Rubani wetu amegeuka fundi. Nilikuwa na furaha kubwa mno kwa muda wa kama dakika moja na nusu. Halafu stata ya zamani ikatoka, nzito kama jiwe la kusagia, Kaka akaibeba akiyumba, akaiweka karibu na pipa la takataka. Nikaitazama pale. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili, mimi na yeye. Yeye kwa kushindwa, mimi kwa kuziba pengo.

Mikono yangu inanuka mafuta. Injinia kanipa sabuni yake maalumu ya mafundi. Inanukia machungwa. Nimeitumia kidogo sana, kwa kinyongo.


Jumatano, 6 Agosti

Leo nimefanya jambo baya, kwa ufanisi.

Stata mpya imefungwa. Tena bolti ya juu nimeifunga mimi. Injinia alikuwa ananieleza kila hatua, bila kuombwa. Kasema umeme unatoka kwenye betri, unapita waya mnene, unaingia kwenye stata, halafu lazima urudi nyumbani. Njia ya kurudi ni mwili wa gari wenyewe. Na kati ya injini na fremu kuna waya mmoja uliosukwa kama msuko wa nywele, umefungwa kwa bolti moja. Huo ukiachana na fremu, kasema, stata bora kuliko zote ni jiwe tu.

Mtu hatakiwi kuniambia mambo kama hayo.

Wakaenda kula. Nikasema sina njaa. (Uongo wa kwanza.) Nikalala chini ya Kobe. Mpango: kufungua ile bolti, kuweka karatasi katikati ya waya na fremu, kuifunga tena. Karatasi haipitishi umeme. Tulifanya jaribio darasani, nikapata alama zote. Kwa macho kila kitu kingeonekana sawa. Wangepiga stata, kimya. Wangesema basi, bora tusukume.

Karatasi? Rasimu ya barua yangu ilikuwa bado mfukoni. Nikaikunja mara nne.

Lakini pale mahali palikuwa pachafu! Kutu, matope yaliyokauka, mafuta ya tangu enzi za babu. Karatasi haikukaa vizuri, ilipinda. Mwalimu wa sayansi anasema jaribio lolote huanza na vifaa safi. Nikachukua kipande cha msasa. Nikasugua fremu mpaka ikang'aa kama kijiko. Nikasugua kichwa cha waya. Nikaona aibu kuiacha bolti peke yake ikiwa chafu, nikaisugua nayo, mpaka kwenye nyuzi zake za kukazia. Ndipo nikaweka karatasi, nikapitisha bolti katikati, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Kazi safi sana. Laiti ingekuwa ya kuwaonyesha watu.

Wakati wa chai Injinia kaniwekea chakula changu kimefunikwa, kwa sababu alijua ningesikia njaa. Nimekula chote. Kilikuwa kitamu. Nina hasira.

Kesho asubuhi Mama ana safari ya shamba la mbali. Kesho ndiyo stata itapigwa mara ya kwanza, mbele ya wote.


Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi. Uani tulikuwa sita. Fundi viatu amevaa shati safi. Baba ameshika tochi, jua likiwa limechomoza tayari. Kaka alikaa mkao wa kusukuma kwa mazoea. Mimi nilikaa karibu na mlango wa dereva, nikingoja kuitwa.

Mama kapanda. Kageuza ufunguo.

Kobe aliwaka kabla hata hajamaliza kugeuza! "Vrrrm!" Si kukohoa, si kulalamika. Mara moja, kama mtu aliyekuwa amevaa tayari anangoja mlangoni. Kelele! Fundi viatu kacheza, mgongo na yote. Baba kamkumbatia Injinia, kisha Kaka, kisha kwa makosa fundi viatu. Mama kazima, kawasha tena, kazima, kawasha, anacheka kama msichana. Injinia mwenyewe katoa macho. Kasema anajua stata hizi, ila hii inazunguka kwa kasi kuliko alivyotegemea.

Nikalia. Wakasema ni machozi ya furaha. Mama kaniambia mtoto wangu una moyo mwema.

Halafu Mama kasema Injinia apande waende wote, asikilize injini njiani. Nyuma kuna benchi zima tupu! Hakuna aliyelitazama. Wakatoka getini. Hakuna aliyesema Rubani. Hata kwaheri niliambiwa na Baba, ambaye hakuwa anakwenda popote.

Mchana. Nimekaa kwenye ngazi, nafikiri. Kwa nini aliwaka? Karatasi iko palepale. Nimechora mchoro. Waya, karatasi, fremu. Umeme unafika kwenye karatasi, unakwama. Sahihi kabisa. Halafu nikachora bolti. Bolti ni chuma. Inagusa waya kwa juu na fremu kwa chini. Nimeisugua mwenyewe mpaka kwenye nyuzi! Nimewajengea daraja, nikaweka na kibao cha "hakuna njia" pembeni yake.

Saa nane. Wazo baya zaidi. Umeme wote wa stata unapita kwenye bolti moja iliyokumbatiwa na karatasi. Njia ya milimani inatikisa. Bolti ikilegea kidogo tu, karatasi itashinda. Mama atageuza ufunguo kule mbali. Kimya. Ng'ombe anangoja. Na safari hii sipo niachie klachi, wala hakuna mteremko. Itakuwa nimefanya mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Saa tisa. Nimeenda getini mara kumi na moja. Fundi viatu kauliza kama namsubiri mchumba. Nikamwambia nasubiri stata. Kasema hata yeye kaikumbuka.

Saa kumi. Naitakia stata kila la heri. Sikudhani ningeandika sentensi hii. Zunguka tu, mkate wee. Zunguka.

Saa kumi na moja na nusu. Wamerudi! Kobe kazimwa getini ili fundi viatu afungue, na akawashwa tena pale pale, "vrrrm", kwa madaha tu.

Mama alishuka amelowa mpaka mabegani, anang'aa. Wamezunguka mashamba manne. La nne ng'ombe alikuwa amelala chini tangu alfajiri. Wamefika kwa wakati. Ndama jike, mweusi, kasimama mwenyewe baada ya nusu saa. Mwenye shamba kafurahi mno, kauliza jina la msichana aliyeshika taa. Ndama ameitwa Injinia.

Ndama! Nimefurahi kwamba ni mzima, naapa. Lakini angeweza kuitwa jina lolote.

Baada ya kuoga Injinia kaingia chumbani, kafunga mlango. Kaniwekea kitu juu ya mto. Kipande cha karatasi, kimekunjwa mara nne, kina tundu katikati, kingo za tundu zimeungua rangi ya kahawa. Upande mmoja ulisomeka vizuri: LA KUENDELEA KUSU.

Kasema shamba la tatu alisikia harufu ya karatasi inayoungua. Kafungua boneti, kafuata harufu, kaikuta. Kaitoa, kakaza. Mama alikuwa upande wa pili wa zizi, hakuona kitu.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Kakaa kitandani kwake, kavua soksi moja, kaniuliza ni nani aliyesugua pale. Nikasema mimi. Kasema yeye alisahau kusugua. Ndilo jambo la kwanza wanalofundishwa: stata mpya kwenye fremu yenye kutu ni kazi bure, ingekuja kufa ndani ya wiki. Kasema mwalimu wake angemkata alama. Kisha kavua soksi ya pili, kaniuliza, polepole, nilikuwa naogopa nini hasa.

Nikamwambia. Sikupanga. Nilisema kuhusu usukani, gia ya pili, "Sasa!", na kwamba yeye ana kila kitu na mimi nilikuwa na hicho kimoja. Nililia na kamasi. Kanipa soksi safi nijifutie, maana leso hakuwa nayo.


Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi mezani Injinia kawaambia wote kwamba kasi ile ya stata si kazi yake. Ni kazi ya mdogo wake, aliyesugua fremu bila kuambiwa, wakati fundi mwenyewe alisahau. Hakutaja karatasi. Baba karudia neno "bila kuambiwa" mara tatu, kwa Kaka. Mama kanibusu kichwani.

Nimesifiwa kwa uovu wangu! Na siwezi hata kuudai. Injinia kachukua stata, kachukua tochi ya Baba, kachukua jina la ndama, sasa kanipokonya na dhambi yangu, kaipiga pasi na kunirudishia ikiwa sifa. Mtu mwenye roho nzuri namna hiyo ni mgumu sana kumchukia. Nimejaribu mpaka saa nne.

Halafu Mama, anafunga viatu vyake vya mpira, kasema jambo kama halina uzito. Kasema siku zote alitaka kunifundisha kuendesha gari kweli, pale uwanja mtupu nyuma ya ghala, gia zote, si ya pili tu. Alishindwa kwa sababu mwanafunzi huzima gari kila baada ya hatua tatu, na kila nikizima ingebidi waitwe wanaume watatu. Sasa hata nikizima mara mia, tunageuza ufunguo. Kesho tuanze.

Kwa hiyo miaka miwili yote ile stata mbovu ndiyo iliyokuwa inanizuia kuvuka getini.


Jumamosi, 9 Agosti

Nimeendesha!! Mimi!

Gia ya kwanza, ya pili, YA TATU. Nimemzima Kobe mara kumi na saba; Mama alikuwa anahesabu kwa vidole na akaishiwa. Kila mara ufunguo, "vrrrm", tunaendelea. Nimegonga pipa moja, tupu. Nimekata kona mbili, moja kwa makusudi. Mama alikaa pembeni yangu, mkono mmoja umeshika dari, na hakupaza sauti hata mara moja, ila alisema "breki" kwa njia mbalimbali. Injinia alikuwa benchi la nyuma, anapiga makofi kila nikibadilisha gia. Nilimwona kwenye kioo. Nikafurahi kwamba yupo. Naandika hili kwa kalamu ya wino ili nisije nikalifuta.

Mama kaniita Rubani mbele ya mlinzi wa ghala. Mlinzi kapiga saluti.

Nimetafakari sana. Kijicho ni ugonjwa. Kinamla anayekibeba. Nimeandika azimio kwenye karatasi safi, lenye tarehe na sahihi, na Injinia kasaini kama shahidi: KUANZIA LEO SITAMWONEA MTU YEYOTE KIJICHO, KWA LOLOTE, MAISHANI MWANGU MWOTE. Nimelibandika ukutani juu ya kitanda.

Najisikia mtu mzima.


Jumapili, 10 Agosti

Azimio limedumu mpaka saa tatu asubuhi.

Saa tatu Mama kasema si haki kumfundisha mmoja, na Kaka naye apande. Kaka! Ambaye alinicheka mpaka akakaa chini! Tukaenda uwanjani wote. Kapanda, kavuta kiti nyuma kabisa kwa sababu ya miguu yake, kageuza ufunguo, katia gia, kaondoka. Hakuzima. Hata mara moja! Kazunguka ghala mara tatu, kiwiko nje ya dirisha, anapiga mluzi. Mlinzi kampigia saluti bila hata kuambiwa. Mama kasema kijana ana kipaji, pengine tuanze naye Jumamosi ijayo, Rubani afuate.

Afuate!

Injinia kanitazama kwa pembe ya jicho. Nikatabasamu kwa utulivu. Nikasema hongera Kaka, kwa sauti nzuri.

Baada ya chakula Kaka kalala kwenye kochi. Nimempima miguu kwa rula, kutoka nyonga hadi goti na kutoka goti hadi kisigino, na hakuamka. Kiti cha dereva kinateleza kwenye reli mbili, na kinashikwa na kipini kimoja kidogo chini kushoto. Kikikwama mbele kabisa, mimi nakaa bila shida. Yeye, kwa hesabu zangu, magoti yanafika masikioni.

Si kijicho. Ni suala la vipimo tu. Nimeuliza saa ngapi kesho Mama hayupo, na Injinia kaniuliza kwa nini ninataka kujua. Nikasema nauliza kwa ajili ya elimu.